Kombeo la sufu la Kigiriki: msuko safi, mfuko wenye kasoro

Nyota tatu kati ya tano. Ni kombeo la sufu tupu, limesukwa kwa mkono, linauzwa kama nakala ya makombeo ya askari wa kale wa Rhodes, kisiwa cha Ugiriki. Si manati, usitafute panda wala mpira: ni kamba mbili na mfuko wa jiwe katikati.

Kamba zake nimezipenda. Zimesukwa mviringo kwa nyuzi nne, hazijipindi zikizungushwa, na kombeo likikunjwa katikati lina sentimita 75. Sufu ilitumika kweli: katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, mkono uliojeruhiwa wa Helenos, shujaa wa Troya, unafungwa kwa kombeo la sufu ya kondoo. Haitelezi hata vidole vikitoa jasho. Ubaya wake inarefuka, ikilowa ndiyo kabisa, na kamba moja ikimzidi mwenzake mfuko unalala upande na jiwe linadondoka kabla hujarusha. Kwa hiyo likifika, lining'inize na uzito wa nusu kilo usiku kucha. Kisha vaa kitanzi cha kamba moja kidole cha kati, bana fundo la kamba ya pili kwa gumba na kidole cha shahada, utazame kama mfuko umekaa sawa. Langu lilikuja na fundo lililoshuka sentimita mbili. Kulifunga upya ni kazi ya dakika, ila usilinenepeshe: fundo nene linachelewa kuponyoka, na jiwe linajipiga chini hatua chache mbele yako.

Shida iko kwenye mfuko. Una sentimita 18 kwa 8, msuko wake umelegea, na katikati una ufa. Jiwe la ukubwa wa yai linatulia humo. Lakini silaha iliyowapa watu wa Rhodes sifa ilikuwa kidonge cha risasi (madini ya plumbi) chenye umbo la lozi, mara nyingi gramu 20 hadi 50, urefu wa sentimita tatu hivi. Mwaka 401 KK, anasema Xenophon, mwandishi na jemadari wa Kigiriki, vidonge hivyo vilifika mbali mara mbili ya makombeo ya Waajemi, waliorusha mawe ya kujaa mkono. Kwenye mfuko huu kidonge kama hicho kinatambaa, kinachungulia kwenye ufa, kisha kinatoka kwenda kinakojua chenyewe. Muuzaji anasema hiyo ndiyo saizi ya asili. Sikubaliani naye. Livy, mwanahistoria wa Roma, anaeleza makombeo ya watu wa Aigion, Patras na Dyme, miji ya Ugiriki: mfuko wa mikanda mitatu iliyokazwa kwa mishono mingi, makusudi kidonge kisiyumbe.

Kwa vidonge vidogo vya risasi, dawa ni sindano. Tumia uzi wa kitani uliopakwa nta, ziba ufa kwanza, halafu shona kutoka kingo kuja katikati hadi ubaki na sentimita 10 kwa 4. Ukiukaza kupita hapo hautafunguka kidonge kinapotakiwa kutoka.

Kuyeyusha risasi nyumbani sikushauri, ni sumu. Finyanga vidonge vya udongo vya gramu 40, uvikaushe kivulini polepole, juani vinapasuka. Kwa uzito uleule udongo unachukua nafasi zaidi ya mara tano ya risasi, kwa hiyo kwa mazoezi ya udongo acha mfuko na upana wake, ziba ufa tu.

Bei ni kubwa kwa kitu ambacho Xenophon aliwalipa askari wakisuke safarini. Anayejua kusuka nywele atazimudu kamba hizi. Ukinunua, liweke pakavu na mbali na wadudu nondo: viwavi wao wakitoboa kamba, itakatikia hapohapo.