Maonyesho ya ukoloni Mwanza: mfuatano wa miaka au mitazamo ya wahusika?

Kila anayeandaa maonyesho ya historia ya ukoloni katika Kanda ya Ziwa hulazimika kuamua mapema iwapo ukumbi utapangwa kwa mfuatano wa miaka au kwa mitazamo ya wahusika.

Mfuatano wa miaka una gharama nafuu. Mabango machache yanatosha kumtoa mgeni mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza John Speke alipolifikia ziwa na kulipa jina la malkia wake, Victoria, hadi 1916, Waingereza walipoitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, kisha hadi reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Hata hivyo, tarehe hizo ni za watawala. Mkulima hubaki pembeni.

Mitazamo humrudisha katikati. Chukua mizani moja ya kununulia pamba: mnunuzi aliiona faida, ofisa wa serikali aliona takwimu za mauzo ya nje, naye mkulima wa Usukuma aliitilia shaka, na shaka hiyo ilichochea vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Kwangu, mizani hiyo yenye maelezo matatu hufundisha kuliko ukuta mzima wa tarehe. Lakini kazi yake ni nzito: wazee wahojiwe kwa Kisukuma na kwa ridhaa yao, simulizi zilinganishwe na nyaraka, na vifaa vya sauti vinahitaji fundi.

Makumbusho yenye mtunzaji mmoja na wanafunzi wengi yatafaidika zaidi na mabango. Yenye watafiti, na wazee wangali hai jirani, yaanze kuwarekodi sasa.