Klematisi ya harufu ukutani: miaka mitatu na 'Rubromarginata'

Niliinunua kwa ajili ya harufu, basi. Mtu uliyekulia Tanga, ambako asumini ya jioni inakupokea kabla hujafungua geti, ukihamia Leicester, Uingereza, unaanza kutafuta ua lolote linalonukia. Mzee jirani yangu akanitajia klematisi, maua ya kupanda ukutani, zile zinazochelewa kuchanua. Nikaagiza aina iitwayo 'Rubromarginata', kopo la lita 2, pauni 18. Ikaja kwenye boksi, tawi moja limevunjika, na kikaratasi cha maelezo mistari mitatu.

Mwaka wa kwanza nilitoka kapa. Nilikuwa nimeipanda pale pale chini ya ukuta, kama ningepanda bogenvilia nyumbani. Nchi yenyewe hii ya mvua, maji nikaona si hoja. Siku moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nikachomeka kidole kwenye udongo ule: vumbi tupu! Ukuta unaikinga mvua, na matofali nayo yananyonya unyevu. Oktoba nikaing'oa, nikaihamishia sentimita 45 mbele, nikailaza kwenye ufito iuelekee ukuta, nikatandaza samadi iliyooza juu ya mizizi. Kikaratasi hakikusema neno juu ya hayo.

Wala haikusemwa kwamba ukuta mtupu haiupandi. Haina vijizizi vya kugandia kama aivi; inajishika kwa vikonyo vya majani. Kikonyo kinajiviringisha kwenye waya, kinakakamaa, na ukitaka kukitoa utakikata tu. Ikabidi nitoboe matofali, nipitishe waya kila baada ya sentimita 30.

Mwisho wa Februari naikata yote, naacha sentimita 30, juu kidogo ya macho mawili yaliyovimba, pale tawi linapochipukia. Mara ya kwanza mkono ulisita. Mume wangu akauliza tumegombana nini mimi na ua. Lakini inachanua kwenye matawi ya mwaka huo huo, na usipoikata maua yote yanakwenda juu, huku chini unabaki na vijiti. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Machipukizi yakitoka, koa nao wanatoka. Mimi huwafuata usiku kwa tochi na ndoo.

Mwaka wa tatu, kuanzia mwishoni mwa Julai mpaka Septemba, ukuta ulijaa. Nyota ndogo za ncha nne, nyeupe katikati, kingo rangi ya juisi ya choya. Mzazi wake mmoja ni klematisi iitwayo flammula, ndiye aliyeipa harufu. Mwingine viticella, kwake imetoa rangi.

Harufu yenyewe ni ya lozi zilizotwangwa sasa hivi. Ila usitegemee asumini. Asumini inakutafuta ulipo, hii unaifuata. Siku ya baridi hata upeleke pua, hola. Ngoja jua liyachome matofali mchana kutwa, jioni ukuta uanze kutoa joto lake, hapo ndipo inapofunguka. Kiti changu cha plastiki sasa kinakaa pale pale.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibania kwa sababu ya kikaratasi.