Vikofia vya kucha za paka: vinafaa, ila gundi ndiyo mtihani

Madaktari wa wanyama wanaopiga vita upasuaji wa kuondoa kucha za paka hawaishii kukataza. Humpa mwenye sofa iliyochanika njia nyingine. Mojawapo ni vikofia vya plastiki laini vinavyogandishwa juu ya kila ukucha. Chapa inayojulikana zaidi ni Soft Paws. Pakiti ya vikofia 40 huja na gundi na vijirija vya kuitilia, na kwa kuwa kwa kawaida huvishwa miguu ya mbele tu, yenye kucha 10, inatosha awamu nne. Awamu moja hudumu wiki nne hadi sita.

Ukilinganisha na kisu, hakuna mjadala. Ukucha wa paka huota kutoka kwenye mfupa, hivyo mpasuaji hukata pingili yote ya mwisho ya kidole. Kipande cha mfupa kikisalia, ukucha huweza kuota tena ndani ya nyama. Wapo paka wanaochechemea baadaye, na wapo wanaokimbia sanduku la mchanga la kujisaidia kwa sababu kuchimba kunawauma. Kukata kwa leza, yaani mwali wa mwanga badala ya kisu, hupunguza damu. Kinachokatwa ni kilekile. Ndiyo maana daktari Jennifer Conrad na shirika lake la Paw Project walisukuma marufuku ya upasuaji huo katika mji wa West Hollywood, California, mwaka 2003, na New York ikawa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku, mwaka 2019.

Turudi kwenye vikofia. Saizi ndiyo inayoharibu kazi mapema. Kikubwa hudondoka siku ya pili, kidogo hubana ukucha na paka hukaa akikitafuna. Jedwali la uzito lililo kwenye pakiti ni makisio. Jaribu kimoja kikiwa kikavu kabla ya kufungua gundi.

Punguza kwanza ncha za kucha kwa kikatio cha kucha za paka, bila kugusa sehemu ya waridi yenye mshipa. Usipopunguza, kikofia hakiingii hadi mwisho. Futa ukucha uwe mkavu, kisha jaza gundi theluthi moja ya kikofia, si zaidi. Bonyeza kidole taratibu juu na chini ili ukucha utoke, ukivishe, na uache upenyo mwembamba kati ya ukingo wake na ngozi. Kikisukumwa hadi kugusa ngozi, ukucha haurudi ndani vizuri na kidole huvimba. Gundi ikizidi hutoka pembeni na kugandisha manyoya, na hapo ndipo paka wengi huanza kuchukia zoezi zima. Mshike dakika tano asijilambe. Akigoma, visha miguu kwa zamu, mmoja leo na mwingine kesho.

Kagua kila wiki. Ukucha unaendelea kukua chini ya kikofia, na kilichosahaulika huweza kuupinda hadi uchome kinyayo. Kukitoa, kata ncha yake kwa kikatio, minya pande zake, kisha kivute polepole. Usitumie asetoni (kioevu cha kuondolea rangi ya kucha), ni sumu kwa paka na inaunguza ngozi.

Kwa paka wa ndani aliyezoea kushikwa miguu, tunakipa kifaa hiki alama nzuri. Kwa anayetoka nje hatukishauri hata kidogo: hawezi kupanda akikimbizwa wala kujitetea. Asiyekubali kushikwa mguu naye msimlazimishe.

Pia vikofia havimwondolei paka hamu ya kukwaruza, na si lengo lake. Akikwaruza hujinyoosha mgongo, huacha harufu yake na kubambua gamba la nje la ukucha. Hivyo pesa ya kwanza iende kwenye nguzo ya kukwaruzia, na pakiti ya vikofia inunuliwe kwa kipindi cha mafunzo. Nguzo fupi nyepesi zinazouzwa kwa wingi ni hasara tupu. Inayofaa ina kimo cha sentimita 80 au zaidi, imezungushiwa kamba ya katani, na kitako chake ni kizito kiasi kwamba haitikisiki paka akining'inia. Ikiyumba mara moja tu, anarudi kwenye sofa. Isimamishe kandokando ya sofa hilohilo, na uihamishe kidogokidogo akishaizoea.