TAHADHARI: huyu muuza vyombo vya Iddi msimtumie pesa

Jamani wanawake wenzangu wa Mombasa, nimetapeliwa. Nimenyamaza siku nne nzima kwa aibu, hata mume wangu nilimwambia vyombo vimevunjika njiani, lakini jana wifi yangu akanitumia picha zilezile eti "wifi hizi waonaje, nitume pesa?" mwili ukanisisimka, nkaona nikiendelea kunyamaza ntakuwa nimemfungulia mwizi mlango wa nyumba ya pili.

Iddi pili nilikuwa nimealika wageni. Watu 16, chakula cha usiku, na safari hii sikutaka sinia wala sahani za kuazima kwa jirani hakuna mbili zinazofanana. Nilitaka meza. Kitambaa cheupe, asumini katikati, birika na vikombe vidogo vya kahawa, na sahani za kaure zenye ukingo wa dhahabu. Nilizunguka Biashara Street na saumu yangu mpaka miguu ikafura, kila seti niliyoipenda bei yake ilinishinda. Usiku ndio nkamuona huyu kwenye simu. Vipande 72, shilingi 14,500, mpaka mlangoni.

Sasa msiniambie mbona nilimuamini. Nilimwambia anipigie video ya seti yenyewe, akanitumia. Mkono una piko mpya, aihesabu sahani moja moja, agonga ukingo kwa kijiko yalia ting, ile sauti nyembamba yenye kuvuma, halafu achukua moja aiweka mbele ya taa na vidole vyake vyaonekana kwa nyuma kama kivuli. Mamangu alinifunza hivyohivyo tangu mdogo, kaure nzuri hupitisha mwangaza na ukiigonga huimba, ya bandia hutoa sauti ya kufa kama ubao. Nkasema huyu anajua vyombo. Na kwenye simu alikuwa aongea Kimvita safi, aniita mwanangu, yuaniambia "mimi nimefunga, kumi la mwisho hili, nikudanganye nipate nini?" Mtu akikwambia hivyo wewe utasemaje? Nkatuma zote. Zote jamani, si nusu, kwa sababu alisema kuna mteja wa Nyali aitaka seti ileile na imebaki moja.

Iddi mosi, magharibi, bodaboda ndio huyo. Boksi zito, limezungushwa gundi mpaka halionekani, kijana hakusubiri hata nichukue kisu, ashageuza pikipiki. Nkafungua jikoni peke yangu. Juu karatasi, chini ya karatasi sahani 11 za melamini, nyepesi, zanuka plastiki, mbili zina ufa, ule ukingo wa dhahabu nimepitisha ukucha mara moja ukatoka kama ganda la kitunguu. Vikombe hakuna. Birika hakuna. Chini kabisa vipande vya vigae vya sakafuni vimefungwa magazeti kimoja kimoja, ili boksi liwe zito! Mtu alikaa chini akavifunga vile vigae huku akijua vyaenda kwa mtu wa kualika wageni. Nililia pale jikoni, wallahi nililia, na viazi vya biriani vyaungua mekoni.

Nkampigia, simu yaita tu. Mara ya tatu akaniblok. Nkatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 pesa irudishwe, lakini zilikuwa zishatolewa siku ileile niliyotuma. Namba yake nimeiripoti 333, ile ya Safaricom ya kuripoti matapeli, na asubuhi yake nkaenda polisi nkapewa OB, namba ya kuandikishwa kwenye kitabu chao cha matukio.

Na dalili zilikuwepo, sasa ndio naziona. Jina lililotoka kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamume, nilipomuuliza akasema ni kakake, till yake, ile namba ya kulipia dukani, ina shida. Duka alisema liko mjini, nikitaka kwenda aniambia wamefunga wanahesabu stoki. Komenti amezifunga. Na ile video, nimeirudia juzi usiku mara sijui ngapi, nyuma ya meza kuna soketi ya ukutani ina matundu mawili ya mviringo. Nani hapa kwetu ana soketi hiyo? Zetu ni matundu matatu ya mstatili. Video si yake, si ya hapa kabisa, na ule mkono wa piko sijui hata ni wa nani.

Mimi nataka afungwe. Msiniambie nimwachie Mungu, Mungu yupo na sheria ipo, ile ya makosa ya kompyuta ya 2018, ulaghai kwa njia hii mtu aweza kwenda ndani mpaka miaka 10, na kwa mtu wa kula kiapo na saumu mdomoni naona michache. Kama na wewe ulituma pesa, usione haya kama nilivyoona mimi, chukua ujumbe wako wa M-Pesa ukaandikishe, tukiwa wengi watamtafuta. Boksi silitupi. Liko chini ya kitanda na vigae vyake vyote, siku akikamatwa nataka avihesabu kimoja kimoja mbele ya askari, polepole, kama zilivyohesabiwa zile sahani kwenye video.