Kusaga kwa umeme wa jumuiya: maoni yangu kwa wenye mashine vijijini

Swali ninaloulizwa zaidi, na wenye mashine kutoka Makete, Ludewa hadi Kilolo, ni hili: umeme wa mradi wa kijiji unaweza kusukuma mashine ya kusaga, au ni wa taa na kuchaji simu tu? Unasukuma. Mimi nasaga dona na kukoboa sembe kwa umeme huo, na msimu wa mavuno foleni ya madebe inafika barabarani. Nasifu huduma hii kwa moyo wote. Ila kuna mambo unapaswa kuyajua kabla hujauza injini yako ya dizeli, na mengi kati ya hayo hayahusu nyaya wala mota, yanahusu watu.

Kijiji chetu kiko nyanda za juu za Njombe, kwenye vilima ambako kila bonde lina kijito. Mtambo ni wa maji, na mwenye mali ni jumuiya ya watumia umeme. Wafadhili walileta turbini, jenereta na mhandisi. Sisi tulichimba mfereji, tukabeba mawe na mchanga kichwani, tukatoa nguzo za milingoti (mikaratusi) kutoka mashamba yetu. Mpango wa namna hii si mgeni huku kwetu. Matembwe walianza na umeme wao wa maji tangu miaka ya 1980, na kampuni ya kijiji ikaanzisha kazi ya kutotolesha vifaranga. Mawengi, wilayani Ludewa, wana mtambo wa kilowati 300 unaosimamiwa na jumuiya ya watumiaji. Lugarawa upo mradi wa Madope wa megawati 1.7, na humo jumuiya ya watumiaji, JUWALU, ni mwenye hisa. Kwa hiyo mtu akikuambia wanakijiji hawawezi kuendesha umeme, mwelekeze Ludewa akajionee.

Mtambo wetu ni mdogo kuliko hiyo ya Ludewa. Kwenye kibao wameandika kilowati 60, nami nakushauri usikiamini kibao mpaka umeuona mto mwezi wa Oktoba. Hesabu yake si ngumu, fundi wetu aliniandikia kwenye daftari la madeni. Maji lita 100 kwa sekunde, yakiporomoka mita 50 ndani ya bomba, yanatoa kama kilowati 35 baada ya kuondoa kinachopotea njiani. Maji yakipungua nusu, umeme nao unapungua nusu, na hakuna fundi wa kulibadilisha hilo. Masika tunajitosheleza, na umeme wa ziada unapelekwa kwenye hita za kupasha maji pale nyumba ya mitambo ili turbini isikimbie kupita kiasi. Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, tunagawana kwa zamu.

Sasa mashine yenyewe. Mota yangu ni ya hospawa 20, fezi tatu, ambayo ni kama kilowati 15. Hiyo ni robo ya mtambo mzima mto ukiwa umejaa, na nusu ya umeme wote uliopo kiangazi kikikaza. Shida kubwa haiko kwenye kusaga, iko kwenye kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishatulia. Kwenye gridi ya Taifa hakuna anayehisi. Kwenye mtambo wa kijiji taa za kaya zaidi ya mia mbili zinafifia, na wakati mwingine mtambo unazima kabisa. Kwa hiyo usikubali kuuziwa mota bila starta ya sta-delta, ambayo inashusha mvuto wa kuwashia hadi karibu theluthi moja. Wapo wauzaji mjini watakaokuambia si lazima. Kwako wewe ni lazima, na jumuiya makini haitakuunganisha bila kuiona.

Pia kuna utaratibu wa kupigiana simu, na huo ndio ninaoupenda kuliko yote. Mimi na seremala tuna mashine zinazokula umeme mwingi, kwa hiyo hatuwashi kwa pamoja. Kijana wa mtamboni ananipigia:

“Shikamoo mama. Usiwashe kwanza, seremala anaranda mbao za madawati.”

“Marahaba mwanangu. Akimaliza nibipu.”

Basi, kazi inaendelea. Wakati wa dizeli sikuwa na wa kumsubiri, lakini pia sikuwa na wa kunipigia kunitaarifu kwamba umeme utakatika saa nane ili wasafishe banio la kuingizia maji mferejini, lililoziba majani. Nawasagia wateja wangu asubuhi, jioni naziachia taa na televisheni za watu.

Kuhusu gharama, hapa ndipo wengi mnapotaka nifike. Lita moja ya dizeli kwenye injini ndogo inafanya kazi ya kama uniti 3 za umeme. Ukichukulia dizeli shilingi 2,800, hiyo ndiyo gharama ya uniti 3. Uniti hizohizo kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya shilingi 292 ni shilingi 876, na jumuiya yetu inatutoza wenye biashara bei iliyo karibu na hiyo. Hapo sijahesabu oili, mikanda, wala nauli ya kufuata dumu mjini barabara ikiwa tope tupu. Nilipunguza bei ya kusaga debe na bado nabaki na faida. Akina mama waliokuwa wakipeleka mahindi kijiji cha jirani sasa wanakuja kwangu, na unga hauna harufu ya moshi.

Ila kukatika kupo. Novemba na Desemba radi za huku zinatisha, na kuna mwaka radi iliunguza kidhibiti cha volti. Kipuri kilitafutwa mpaka Dar es Salaam, na kijiji kilikaa gizani muda mrefu kuliko ilivyostahili. Zahanati iliogopea chanjo zake, nami niliwarudisha watu na mahindi yao kichwani. Injini yangu ya zamani bado ninayo na naitunza. Nakushauri nawe utunze yako, angalau mpaka jumuiya yenu iwe na stoo yenye beringi, mikanda na kidhibiti cha akiba. Kijiji chenye mtambo bila stoo ya vipuri kinakaa gizani kila kitu kidogo kikifa.

Mwanzoni tulikosea pia kwenye malipo. Kila nyumba ililipa kwa idadi ya taa, bila mita. Huku Juni na Julai baridi inauma, na watu wakanunua hita za kuchemshia maji na majiko ya koili. Saa moja jioni mtambo ulikuwa unazima, unawashwa, unazima. Mita zilipofungwa fujo ile ilikwisha, na mwenye taa mbili akaacha kumlipia jirani anayepikia umeme. Mradi wowote mpya ufunge mita kabla ya kuwasha taa ya kwanza.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu zaidi. Siku tunabeba mchanga kutoka mtoni, waliobeba wengi walikuwa wanawake, na baadhi yao ni wajane. Umeme ulipowaka, nyumba zao hazikuunganishwa. Nguzo inapita mlangoni, lakini kufunga nyaya ndani ya nyumba ni gharama, na nyumba yenyewe ni ya tofali mbichi na nyasi, fundi anakataa kuifunga. Nyanya mmoja, jirani yangu, alikaa na koroboi huku taa ya barabarani ikimwangazia uani. Alikuwa amebeba mchanga kama sisi. Hisa yake iko wapi? Nililisema mkutanoni, nikaambiwa jumuiya haina fungu la hilo. Nikalisema tena mkutano uliofuata, na wanawake wengine wakasimama nami.

Jibu lilikuwepo muda wote. Kuna kifaa kinaitwa UMETA, umeme tayari, kibao kidogo chenye soketi, swichi na sehemu ya taa, kinachofungwa bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini imekuwa ikikitumia kwa nyumba za namna hiyo. Jumuiya ilikubali kununua vichache na kuwakopesha wenye uwezo mdogo, wanalipa kidogo kidogo pamoja na uniti zao. Nyanya yule sasa ana taa. Bado wako wengine, na naendelea kulisemea. Ndugu zangu mnaoanzisha miradi, iandikeni hii kwenye makubaliano ya kwanza kabisa: aliyetoa jasho aunganishwe, na njia ya kulipia ipatikane kabla ya sherehe ya uzinduzi. Na kamati iwe na wanawake wa kutosha, kwa sababu hoja hii isingeletwa na wanaume wale waliokaa meza ya mbele.

Jambo la pili kubwa ni maji ya juu. Mto wetu hauanzii kijijini kwetu. Unaanzia kijiji cha juu, ambako watu wanalima vinyungu mabondeni, mahindi ya kiangazi, maharage na mboga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wajumbe wetu walipanda na karatasi ya sheria hiyo kuwaambia waache vinyungu. Walijibiwa vizuri sana: “Mnataka tuache chakula ili ninyi muwashe taa?” Hawakuwa na nguzo hata moja. Mimi nisingejibu tofauti.

Ilibidi tukae nao upya, safari hii bila karatasi. Tulikubaliana kupeleka laini mpaka shule yao na zahanati, na jumuiya ikapokea wajumbe wao kwenye kamati. Wao wakakubali kuondoa milingoti iliyopandwa kwenye chemchemi, ambayo inakunywa maji mno, na kupanda mivengi na miti mingine ya asili. Vinyungu vilisogezwa hatua kwa hatua, si kwa mkupuo. Wafadhili walipima kasi ya maji kwa vyombo vya kisasa, lakini kwenye michoro yao kijiji cha juu hakikuwemo kama mshirika. Hilo ni kosa ninaloliona kwenye miradi mingi inayojisifu kushirikisha jamii: wanashirikisha wanaopata umeme na kuwasahau wanaotunza maji. Na ushirika hauwezi kuitwa ushirika ikiwa ramani yake inaishia kwenye nguzo ya mwisho.

Upande wa hesabu, jumuiya yetu naipa alama nzuri ila si zote. Mapato na matumizi yanasomwa mkutano mkuu na yanabandikwa ofisini. Ninachodai, na nitaendelea kudai, ni akaunti ya vipuri iliyotengwa na ile ya mishahara, isiguswe hata kama kuna mgeni mkubwa anakuja. Fedha zikikaa fungu moja, mwaka wa radi unawakuta mikono mitupu.

Wengi wananiuliza pia: gridi ikifika itakuwaje? Kuunganishwa na TANESCO vijijini ni shilingi 27,000, na mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Mtambo mdogo wa kijiji ukishindanishwa na bei hiyo peke yake utaelemewa, maana gharama zake zote zinagawanywa kwa watu wachache. Lakini sheria zetu zinaruhusu mzalishaji mdogo kuiuzia TANESCO umeme gridi ikifika. Mwenga, kule Mufindi, wenye mtambo wa megawati 4 tangu 2012, wanahudumia vijiji na pia wanauza kwenye gridi. Masista wa Chipole, kwenye mtambo wao wa Tulila wa megawati 5 ulioko mto Ruvuma, wanauza kwa TANESCO. Mtambo ulio chini ya megawati 1 hauhitaji hata leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati, kuzalisha. Kwa hiyo gridi inaweza kuwa mteja wenu, mradi mhandisi aambiwe mapema afunge vifaa vinavyoweza kuungana nayo. Sisi hatukumwambia aliyejenga, na sasa kamati inatafuta namna ya kuongeza vifaa hivyo. Waulizeni wenu kabla zege halijamwagwa.

Ukitaka kujua kama mradi wa kijijini kwako utakufaa wewe mwenye mashine, usianze na bei ya uniti. Muulize fundi kilowati zinazobaki Oktoba, kisha utoe matumizi ya jioni na ya wenzako wenye mashine. Kikibaki chini ya kilowati 20, usinunue mota ya hospawa 20, nunua ndogo zaidi na usage taratibu. Uliza laini ya fezi tatu inafika wapi, kwa sababu nguzo nyingi za pembeni zina fezi moja tu na kuvuta nyingine utalipia mwenyewe. Omba kuona daftari la kukatika kwa umeme la mwaka uliopita. Kijana wa mtamboni asiye na daftari hilo, mnunulie, gharama yake ni ndogo.

Kwa upande wangu, kamati imenikubalia kuongeza mashine ya kukamua alizeti, kwa masharti mawili: ifanye kazi mchana tu, na isimame kabisa Septemba na Oktoba. Nimekubali yote mawili. Mota imeshafika, starta yake naisubiri kutoka Makambako, na mvua zikianza kujaza mto nitawakamulia pia wakulima wa alizeti wa kijiji cha juu, ambao wameomba wapate bei sawa na ya wanachama. Kamati imesema ndiyo.