Mashine ya kufulia ya kufungulia juu: ipi ununue kama utaitunza mwenyewe

Ukiingia dukani, muuzaji atakuonyesha vitufe, taa na idadi ya programu. Mimi nakuomba uanzie nyumbani kwako: kwenye bomba, kwenye shimo la maji machafu, na kwa fundi wa mtaani kwenu. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kama mashine itafua kwa miaka mingi au italala stoo mapema. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa urahisi wa kutunza na kutengeneza, nikiifikiria nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Mwanza, ambako maji huja kwa zamu na umeme hukatika bila taarifa.

Nazungumzia za kufungulia juu peke yake. Za mlango wa mbele hufua kwa maji machache zaidi, lakini nyingi zina hita ya wati 2000 hivi. Ya juu isiyo na hita huridhika na wati 300 hadi 600, na mwenye LUKU au tokeni ataiona tofauti hiyo.

Pima nyumbani kabla ya kwenda dukani

Anza na presha ya maji. Kila mita moja ya kimo kutoka tangi hadi bomba huleta takriban bar 0.1. Mashine za otomatiki huandikiwa kwenye kibandiko au kijitabu presha ya chini zinayoihitaji, mara nyingi 0.03 au 0.05 MPa, yaani bar 0.3 au 0.5. Maana yake tangi liwe mita tatu hadi tano juu ya mashine. Simtanki lililokaa juu ya paa la nyumba ya chini linaweza lisifike hapo, na mashine itajaza kwa kusuasua hadi ikate tamaa na kuonyesha kosa. Hapo utahitaji pampu ndogo ya kuongeza presha, au mashine isiyojali presha.

Halafu maji machafu. Hili wauzaji wengi hawaliulizi kabisa, nalo ndilo huleta malalamiko mengi ya kwamba mashine mpya haitoi maji. Baadhi ya mashine hizi zina pampu ya kusukuma maji nje, na mpira wake unaweza kupandishwa hadi kwenye sinki. Nyingine hazina pampu: valvu inafunguka na maji yanashuka yenyewe. Ukiunyanyua mpira wa hiyo ya pili, au ukaupitisha juu ya kizingiti cha mlango, maji hayatatoka na nguo hazitakamuliwa. Muulize muuzaji swali moja: ina pampu au inamwaga yenyewe? Kama hajui, mwombe kijitabu.

Mwisho soketi. Iwe na ethi, na mashine iende ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni ya sakafuni inayolowana.

Nafasi ya kwanza: ya matangi mawili

Najua haina sifa ya kupendeza sebuleni. Upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua, na nguo unazihamisha kwa mkono. Lakini maji unaijazia kwa ndoo ukitaka, haihitaji presha yoyote, na maji ya sabuni yaliyofua mashuka meupe yanaweza kufua jinzi baada yake. Kwa familia inayonunua maji kwa dumu, hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza. Ukitafuta Kenya utaikuta kwa Ramtons, Von au Mika. Hisense na wengine wanaitengeneza pia. Chukua ya kilo 8 hadi 10, ukijua kwamba tangi la kukamua hubeba pungufu sana ya lile la kufulia.

Sababu ya pili ni ubovu wake: ni michache, na inaonekana kwa macho. Ndani kuna mota mbili, taima za kuzungusha, mkanda, kapasita (kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) na breki. Fundi yeyote anayetengeneza feni na pampu ataielewa.

Tangi la kukamua likinguruma bila kuzunguka, na ukasikia harufu ya mpira unaoungua, kagua breki kwanza. Kuna waya unaotoka kwenye kifuniko na kuivuta breki iachie pale kifuniko kinapofungwa. Ukilegea au kukatika, breki inabaki imeng'ang'ania na mota inajitesa. Chomoa umeme, fungua bamba la nyuma, uangalie kama waya unavuta. Kama breki imeachia na bado inanguruma tu, basi kapasita ndiyo inayoshukiwa. Hiyo mwachie fundi, kwa sababu kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Maji yakivuja taratibu kutoka tangi la kufulia wakati hujafungulia, valvu imebana uzi, nywele au sarafu. Inafunguliwa kwa mkono na kusafishwa kwa dakika chache. Yakidondoka chini ya tangi la kukamua, sili, yaani raba ya kuzuia maji, imechakaa. Usiahirishe, maana maji hayo yanaelekea kwenye mota.

Nafasi ya pili: otomatiki ya kawaida ya kilo 8 hadi 10

Kama una presha, na hakuna mtu wa kusimama karibu na mashine asubuhi nzima, hii ndiyo yako. Chini ya pipa kuna sahani inayozunguka, na mota yake huzungusha kwa mkanda. Itafute yenye programu chache. Utatumia mbili au tatu tu.

Fahamu kwamba inapenda maji: ikijazwa hadi juu na kusuuza mara mbili, inaweza kupita lita 100. Lakini ina uungwana mmoja ambao wengi hawaujui. Bomba likikauka katikati ya kazi, nyingi zake zinakubali umimine maji ya ndoo moja kwa moja ndani ya pipa. Kipimo cha ndani husoma kimo cha maji, hakijali yametoka wapi, na yakifika kiwango ulichochagua kufua kunaendelea.

Ikijaza polepole, usikimbilie kusema valvu imekufa. Funga bomba, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, utaona kichujio kidogo cha wavu mdomoni. Kivute taratibu kwa koleo, ukisugue kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Maji ya kisima na yanayorudi baada ya mgao huja na mchanga, na wavu huo ndio unaokamata wote. Kwenye LG kosa hilo huandikwa IE. Kwenye Samsung ni 4C, au 4E kwa za zamani. OE ya LG na 5C ya Samsung zinasema maji hayatoki: kagua mpira umepinda wapi, umeinuliwa kiasi gani, na ncha yake isizame kwenye maji machafu. UE ya LG, au Ub ya Samsung, ni mzigo ulioegemea upande mmoja. Fungua, tawanya nguo, na kama ni blanketi moja zito ongeza taulo mbili upande wa pili. Ikijirudia kila siku, tatizo ni miguu ya mashine. Bonyeza pembe za mashine moja moja: ikicheza, zungusha miguu hadi itulie, kisha kaza nati.

Nafasi ya tatu: yenye inveta na mota isiyo na mkanda

Inveta hapa si ile ya betri za nyumbani, ni saketi inayorekebisha kasi ya mota. Hizi ni tulivu, hazili umeme mwingi, na hakuna mkanda wa kukatika. Utaona kibandiko cha waranti ya miaka 10 na utavutiwa. Kisome vizuri. Miaka 10 huwa ni ya mota, na mota ndiyo isiyoharibika kirahisi. Kinachokufa ni bodi, yaani saketi inayoongoza mashine, na waranti yake ni ile fupi ya mashine nzima. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, bodi ndiyo inayopigwa, na bei ya mpya itakuumiza.

Sikukatazi kuinunua. Ninasema pesa ya stabilaiza, au kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, uihesabu ndani ya bei ya mashine. Na kabla hujalipa, hakikisha wakala wa chapa hiyo anauza bodi mjini kwenu. Ingekuwa nyumba ina umeme thabiti, ningeipandisha nafasi ya pili bila kusita.

Nafasi ya nne: kubwa ya kilo 14 na kuendelea

Inafaa nyumba ya wageni, au familia inayofua mablanketi kila wiki. Kwa wengine ni kupoteza maji tu. Kilo zinazoandikwa ni za nguo kavu, na familia ya watu watano inatoshwa na kilo 8 hadi 10.

Nafasi ya tano: iliyotumika kutoka nje

Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Sisi tunatumia volti 230 hadi 240 na hezi (Hz) 50. Inayotoka Dubai au Oman kwa kawaida inakubaliana na umeme wetu. Ya Saudia ni hezi 60. Zile ndefu za Marekani zenye nguzo katikati ya pipa ni za volti 120 na hezi 60. Transfoma itashusha volti, haitabadilisha hezi, na mota ya kawaida itazunguka pole kwa moja ya sita na kupata joto. Za Japani ni volti 100. Zaidi ya hapo, mkanda au sili yake utaitafuta wapi?

Utunzaji, yoyote utakayochagua

Sabuni nyingi za unga za madukani zimetengenezwa kwa kufua kwa mkono, na povu lake ni adui. Hukwamisha kukamua na hubaki nyuma ya pipa likigeuka utelezi mweusi wenye harufu. Anza na vijiko viwili vikubwa, uongeze kama nguo hazitakati. Kifuko cha kukamata nyuzi kisafishe kila baada ya kufua, na kifuniko kiache wazi hadi ndani pakauke.

Mara moja kwa mwezi jaza pipa maji ya moto kiasi, bila nguo, utie Jik, liache lilowe saa moja kisha limwage. Kwa maji ya kisima chenye chumvi, mwezi mwingine tumia siki kuondoa ukoko mweupe. Usivichanganye kamwe: Jik na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu letu dogo halina pa kuikimbizia.

Pwani, usiiweke kibarazani inapopigwa na upepo wa bahari. Bati litaota kutu kuanzia chini. Iinue kwenye stendi na ufute chumvi kwa kitambaa.

Na siku ya kuifungua kwenye boksi, ondoa povu gumu la kufungashia au karatasi ngumu iliyobanwa chini ya mota, kisha tafuta lile bamba la plastiki la kuziba chini. Wafungaji wengi huliacha ndani ya boksi na linatupwa. Kazi yake ni kuzuia panya, na panya hupenda joto la mota na nyaya zake. Kama mashine yako haikuja nalo, kata wavu wa chuma mwembamba uukaze pale, ukiacha nafasi ya hewa.