Vipima stima: kipi ununue Kisumu, kipi ukiache dukani

Tokeni zikiisha mapema, lawama huenda kwa friji au pasi. Ruta ya Wi-Fi haishukiwi kwa sababu ni ndogo. Lakini haizimwi: ruta ya wati 10 hula yuniti 7.2 kwa siku 30. Katika bei za Kenya Power zilizoanza Aprili 2023, kundi la nyumba linalolipa bei ya chini kabisa linaishia yuniti 30 kwa mwezi, kwa hivyo ruta peke yake imeshachukua karibu robo.

Nafasi ya kwanza naipa kipima wati cha kuchomeka. Kinaingia kwenye soketi, ruta inachomekwa juu yake, unaacha saa 24, kisha unasoma kWh (ndiyo yuniti). Tafuta cha pini tatu bapa, kinachotunza hesabu stima ikipotea (na itapotea). Mwambie muuzaji akijaribu papo hapo kwa chaja ya laptopu. Kikionyesha volti na ampea bila wati, kirudishe: chaja na ruta nyingi huvuta umeme kwa vipande, hivyo ukizidisha volti kwa ampea unapata zaidi ya unacholipia.

Ya pili ni plagi janja yenye kipimo. Unasoma matumizi kwenye simu na kupanga printa izimike usiku. Yenyewe hula stima kidogo saa zote. Usiichomekee ruta: ukiizima ukiwa kazini, hutaweza kuiwasha tena kwa simu, maana umekata mtandao inaoutegemea.

Kipima cha kufungwa kwenye boksi ya fyuzi kinafaa saiba yenye mashine nyingi, kama zile za mtaa wa Kondele. Lazima kifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kwa nyumba ni gharama tu.

Huna pesa? Zima kila kitu ubakishe ruta, utazame kitaa kinachomweka kwenye mita. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh (mimweko 1000 kwa yuniti), wati 10 ni mmweko mmoja kila dakika 6.

Mkiani kabisa ni kiboksi cha "kuokoa stima". Kwa kawaida ndani kuna kapasita. Inaweza kushusha ampea, lakini mita ya nyumbani huhesabu kWh, hivyo tokeni zitaisha kwa kasi ile ile. Muuzaji akikuonyesha ampea zikishuka, mwambie akuonyeshe wati.